Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fezanti na Kuku Katika Ua Mmoja

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimekaguliwa na mhazini atazisoma mwenyewe, kwa hiyo sitazirudia hapa. Nafasi hii naitumia kwa jambo lililojaza meza ya kamati mwaka mzima: wanachama wenye kuku uani ambao wameongeza fezanti, ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, au wanajiandaa kuwaongeza. Maswali yalikuwa mengi, lakini karibu yote yalitokana na kumchukulia fezanti kama kuku mwenye rangi nzuri.

Msimamo wa kamati ni kwamba ua mmoja unaweza kubeba aina zote mbili, ila udongo wanaoukanyaga usiwe mmoja. Kuku mzima anaweza kuishi vizuri tu huku amebeba Heterakis gallinarum, minyoo midogo myeupe ya kwenye vifuko viwili vilivyo karibu na mwisho wa utumbo. Ndani ya mayai ya minyoo hiyo hujificha kijidudu kiitwacho Histomonas meleagridis. Kijidudu hicho kikitoka peke yake kwenye kinyesi hufa baada ya saa chache. Kikiwa ndani ya yai la mnyoo hukaa udongoni kwa miaka. Nyungunyungu humeza mayai hayo, na fezanti hupenda sana nyungunyungu. Ndege aliyeambukizwa hunyong'onyea, hulegeza mabawa na kutoa kinyesi cha njano kama kiberiti. Akifa na kupasuliwa, ini huwa na madoa ya mviringo yaliyobonyea katikati. Fezanti wengine huhimili maradhi haya kuliko bata mzinga, lakini asiyeumwa naye huendelea kumwaga mayai ya minyoo, kwa hiyo ugonjwa usipoonekana haina maana kwamba uwanja ni safi.

Msitegemee tiba. Dawa zilizotumika dhidi ya kijidudu hiki zimeondolewa: Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku dimetridazoli kwa mifugo inayoliwa, na Marekani nitasoni iliondolewa sokoni mwishoni mwa 2015. Kilichobaki ni kuwapa kuku dawa ya minyoo, kama fenbendazoli au flubendazoli, kwa kipimo cha lebo na kwa kuzingatia siku ambazo mayai hayaruhusiwi kuliwa. Dawa hizo huua mnyoo, kijidudu hakiguswi. Kwa hiyo uwanja wa fezanti uwe mahali ambapo kuku hawajawahi kukaa. Pasipopatikana, jengeni sakafu ya zege au ya waya iliyoinuliwa. Wahudumieni fezanti kwanza, kisha kuku, na kila banda liwe na viatu vyake na koleo lake. Ndege wapya wakae pekee siku 30.

Minyoo ya koo, Syngamus trachea, hupita njia hiyohiyo ya nyungunyungu, na pia konokono. Fezanti hunyoosha shingo, hupanua mdomo na kutoa sauti kama ya kupiga chafya. Wafugaji wengi hukimbilia dawa za mafua, na siku zinapotea. Kwa upande mwingine, kuhara damu kwa kuku hakuhami kwenda kwa fezanti, kwa kuwa kila aina ya ndege ina koksidia zake, yaani vijidudu vya utumbo vinavyoleta kuhara huko. Hofu hiyo tuiache.

Kuhusu banda: fezanti mzima anahitaji mita za mraba 2 hadi 2.5. Akishtuka haruki kwa mshazari kama kuku. Hupaa wima kwa nguvu zote, na paa la bati au la waya mgumu humchuna ngozi ya kichwa. Tumieni wavu laini juu, kwenye kimo cha mita 2. Sentimita 50 za chini za ukuta ziwe mbao au bati, ili asione mbwa akipita na asipigane na dume wa jirani kupitia waya. Waya wa pembeni uzikwe sentimita 30, au ulazwe nje kwa upana wa sentimita 60, kuzuia wanyama wachimbaji. Ndani pawe na vichaka na matawi ya kujificha. Wafugaji nadhifu hufagia kila kitu, na ndege wao ndio hudonoana zaidi.

Dume mmoja anatosha majike 6 hadi 10. Msimu wa kutaga humfanya mkali, na akiachwa na kuku atamsaka jogoo bila kuchoka. Anaweza pia kumpanda tetea, na chotara wanaozaliwa huwa tasa.

Chakula ndicho kosa la pili kwa ukubwa. Chakula cha vifaranga wa kuku wa mayai huwa na protini ya asilimia 18 hadi 20, wakati kifaranga wa fezanti anataka 26 hadi 28 katika wiki za mwanzo. Cha vifaranga wa bata mzinga humfaa. Protini ikipungua, manyoya huchelewa na kudonoana huanza, hata kufikia kulana. Baada ya wiki 6 shukeni hadi asilimia 20 hivi. Chakula cha kuku wanaotaga kisiwafikie wanaokua, kwa kuwa kalisi yake nyingi huharibu figo.

Mayai huanguliwa kwa siku 23 hadi 25. Katika mashine yenye feni, joto liwe nyuzi 37.5, unyevu asilimia 55 hadi 60. Siku ya 21 acheni kugeuza na pandisheni unyevu hadi 70. Anayechanganya na mayai ya kuku aanze na ya fezanti siku 3 kabla.

Kuku anayeatamia hufanya kazi nzuri ya kuangua, lakini ndiye mlango wa minyoo. Apewe dawa ya minyoo na ya chawa kabla ya kulalia. Pia vifaranga wa fezanti hawaufuati mwito wake kama watoto wake, nao hupenya kwenye matundu ya waya wa kawaida. Tumieni matundu yasiyozidi sentimita 1.2. Kwenye bruda, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, anzeni na nyuzi 35, punguzeni 3 kila wiki, zibeni pembe ziwe za mviringo ili wasirundikane, na wekeni kokoto kwenye chombo cha maji wasizame. Wakifikisha wiki 2 huruka, kwa hiyo bruda ifunikwe.

Nchi nyingi huhitaji kibali cha kufuga au kuachia fezanti. Ulizeni kabla ya kununua.

Kamati inaleta mapendekezo mawili yapigiwe kura: chama kinunue hadubini moja ya kuchunguzia mayai ya minyoo kwenye kinyesi, itunzwe na katibu, na mwanachama anayegawa au kuuza kuku wa kuatamia mayai ya fezanti aandike tarehe ya dawa ya minyoo ya mwisho na jina la dawa aliyotumia.

Mwenyekiti