Dada, mrudishie mtoto kitabu chake

Shikamoo dada. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu najua kuna wazazi wengi wa kwetu hapa Marekani wana shida kama yako, wanakuta mtoto kalala na kitabu chini ya mto, wanafungua ukurasa mmoja tu wanaona binti anambusu mvulana, basi kitabu kinapanda juu ya kabati na simu inapigwa kwa ndugu wote. Jina lako sitaji wala la mtoto. Kitabu nakitaja maana hakina kosa, The Poet X cha Elizabeth Acevedo, kilitoka 2018.

Uliandika kwenye grupu la familia kwamba hujui hata ni kitu gani, mistari mifupi mifupi, nusu ya ukurasa iko tupu. Ni riwaya dada, ila imeandikwa kwa mashairi mwanzo mpaka mwisho, kila shairi linasimama peke yake na ukiyaunganisha unapata hadithi nzima. Vitabu vya namna hii vya vijana vipo siku nyingi huku, Virginia Euwer Wolff alitoa Make Lemonade mwaka 1993, na mwaka 1998 Karen Hesse akapata Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto, kwa Out of the Dust. Hiki cha mwanao kimepata tuzo ya National Book Award ya hapa Marekani mwaka ule ule kilipotoka, alafu 2019 Waingereza nao wakakipa tuzo yao ya Carnegie. Acevedo mwenyewe alikuwa mwalimu wa Kiingereza, darasa la 8 huko Maryland, na mwanafunzi wake ndo aliyemwambia kwamba vitabu wanavyopewa havina mtu kama yeye. Ndo akakaa akaandika.

Sasa ngoja nikwambie kilichomo maana najua uliishia kwenye ule ukurasa. Xiomara ana miaka 15, anakaa Harlem pale New York, wazazi wametoka Jamhuri ya Dominika. Mama yake alitaka kuwa sista, akaozwa. Sasa imani yote aliyokuwa aipeleke utawani anamwekea binti, na binti yuko kwenye mafundisho ya kipaimara kama wako alivyo saa hizi. Mwili wake umekua mapema, wanaume wanamrushia maneno barabarani, na yeye anabaki anajiuliza kama ni kosa lake kuwa na mwili huo. Hakuna wa kumuuliza. Kwa hiyo anaandika kwenye daftari.

Anakutana na Aman darasani, wanasikiliza muziki pamoja, wanapendana. Siku moja mama anawaona wanabusiana kwenye treni. Dada, unajua anamfanya nini? Anamburuza mpaka kwenye ile meza ya Bikira Maria na kumpigisha magoti juu ya mchele mbichi. Mchele, yaani punje zinaingia kwenye ngozi na mtoto anatakiwa asali. Nilivyofika hapo niliweka kitabu chini kwanza, maana wewe na mimi tunaijua adhabu ya kupiga magoti, ila sisi ilikuwa kokoto. Kuna baadaye ambapo mama analipata lile daftari analichoma moto, na binti amesimama pale anayasema mashairi yake kwa kichwa huku mama anasali kwa Kispania kwa sauti kubwa, wote wawili wanasema kwa pamoja na hakuna anayemsikia mwenzake. Kama umewahi kugombana na mtoto wako jikoni utaielewa hiyo.

Na lile unaloliogopa zaidi, ndiyo lipo, sikufichi. Usiku ule ule Xiomara anakimbilia kwa Aman, wako peke yao, wanafika mbali kiasi, alafu yeye anasema hapana. Na kijana anaacha. Anategemea atatukanwa, hatukanwi. Hebu niambie dada, ni wapi pengine mwanao ataoneshwa kwamba neno hapana linaweza kusemwa hata ukishafika pale, na kwamba mvulana mzuri analisikia? Kwenye simu yake hataoneshwa hilo. Shuleni wanamfundisha magonjwa na mimba, sawa, ila haya ya moyoni na ya mwili kwa pamoja hawayagusi.

Sisi tulikuwa na bibi. Kule Morogoro tulikalishwa chini tukafundishwa, na tulifundishwa kwa nyimbo, unakumbuka, mambo mazito yote yalikuwa kwenye nyimbo kwa sababu wimbo unasema kitu ambacho maneno makavu yanaona aibu. Mwanao hana bibi hapa, shangazi yuko mbali, mimi naonana naye sikukuu kwa sikukuu. Amejitafutia nyimbo zake mwenyewe.

Na usiseme haya mambo ya mwili kwenye mashairi ni ya Wazungu. Utenzi wa Mwana Kupona tumeusoma shuleni. Yule mama wa Siyu aliutunga karibu mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akamwachia binti yake wosia, na ndani mmejaa dini na heshima, ila amemwambia pia mume akilala asimsumbue, amsogelee ampapase, ampepee. Tulisoma hivyo mbele ya mwalimu na hakuna aliyechukua kitabu. Tofauti ninayoiona mimi ni moja, pale mama anasema na binti anasikiliza, hatujui huyo binti alikuwa anawaza nini. Kwenye hivi vitabu vya sasa binti ndo anasema. Ndo maana inauma kusoma ukiwa mzazi, na ndo maana nataka usome.

Hiyo nafasi tupu kwenye kurasa uliyoisema ina kazi. Msichana wa miaka 15 hasemi sentensi nzima kuhusu mapenzi, anasema maneno matatu ananyamaza. Mistari mifupi inamwachia kunyamaza. Mtoto ambaye darasani hamalizi riwaya nene hiki anakimaliza wikiendi moja.

Liko na la pacha wa Xiomara, Xavier, nalisema kabla hujalikuta mwenyewe. Anapenda wavulana, amelificha nyumbani, dada yake analijua na anamlinda. Najua hapo utataka kukifunga. Usikifunge. Hicho kitabu hakimgeuzi mtu, kinaonesha mtoto anavyoishi kwa woga ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kanisani kwetu wapo watoto hao, tunawasalimia kila Jumapili. Kama mwanao ana rafiki wa hivyo, au kama ni yeye mwenyewe, mi naomba wewe uwe wa kwanza kuambiwa. Dean Atta aliandika The Black Flamingo, 2019, hadithi ya kijana wa London wa namna hiyo, baba asili yake Jamaika na mama Mgiriki wa Kupro, akiwa mdogo anaomba Barbie siku ya kuzaliwa analetewa mdoli mwingine wa kiume, na anavyojitahidi kufurahi ili mama asijisikie vibaya inatosha kukutoa machozi. Nacho kiko kwa mashairi, nitakuletea.

Najua umesikia kuna wazazi walienda mahakamani North Carolina mwaka 2020, wakasema The Poet X inapinga Ukristo, wanataka shule isikifundishe. Jaji hakukubali kukizuia. Mi nakwambia kama Mkatoliki mwenzako, yule binti anabishana na Mungu kweli, anauliza maswali ambayo mwanao anayauliza na hakwambii, lakini anayekuja kumkalisha chini na mama yake wazungumze ni padre, Padre Sean, na hamlazimishi kipaimara kabla hajawa tayari. Hayo hayako kwenye ukurasa uliofungua.

Kwa hiyo dada, kishushe leo. Mwambie umekichukua ukisome, alafu ukisome kweli, ni usiku mbili tu. Ukikirudisha usimuulize kama ana mvulana, muulize shairi gani amelipenda, na akikuonesha lisome pale pale mbele yake. Jumamosi niko nyumbani kuanzia saa nane mchana, nipigie, hata kama umekasirika.