Barua kwa mwanangu kabla ya wageni wa Jumapili

Manyatta, Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Picha ya meza yako mpya niliiona jana jioni, na mama yako ameitembeza kwa majirani mpaka simu ikaisha chaji. Meza ni nzuri, nami sikuwahi kufikiri kwamba mtoto wangu angenunua meza ya viti sita kabla hajatimiza miaka thelathini. Hata hivyo, nilipoitazama kwa makini niliona kwamba umeipanga kwa ajili ya mkuu wako wa kazi peke yake, ilhali Jumapili watakuwepo pia nyanya yako na baba mkubwa wako, ambao wataondoka Kaimosi alfajiri, wapitie Kericho, na kufika Nakuru wakiwa na njaa. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe huwa unakubali kila kitu upesi, kisha ukafanya ulivyokuwa umekusudia.

Hofu yangu ni moja. Nyanya yako akikuta mbele yake uma tatu na visu viwili, hatamuuliza mtu. Atakula kidogo cha pembeni, atasukuma sahani, na atasema kwamba ameshiba.

Kwa hiyo anza kwa kupunguza vyombo. Hotelini nilikokuwa mhudumu tulifunzwa kwamba chombo huwekwa mezani kwa sababu kuna chakula kitakachokihitaji, jambo ambalo picha za intaneti hazikwambii. Ikiwa hakuna supu, kijiko cha supu kinangoja nini? Zile glasi za mvinyo ziondoe kabisa. Kanisa la Friends limekuwepo Kaimosi tangu 1902, na sijasikia likibadili neno lolote kuhusu pombe. Nyanya yako akiona glasi ya shina refu ataanza kukuombea badala ya kula.

Vitakavyobaki vipange sawasawa, maana hapo sitaki mzaha. Uma hukaa kushoto kwa sahani, kisu hukaa kuume huku makali yake yakielekea sahani, na kijiko hufuata nje ya kisu. Glasi ya maji husimama juu ya ncha ya kisu. Kijiko cha matunda hulazwa juu ya sahani, mpini wake ukielekea kuume. Mipini ya vyombo vya pembeni ilingane, ikiwa sentimita 2 au 3 kutoka ukingo wa meza, na kati ya mgeni na mgeni acha nafasi ya sentimita 60 hivi ukipima kutoka katikati ya sahani hadi katikati ya sahani, kwa kuwa unamjua baba mkubwa wako na viwiko vyake. Kitambaa cha meza kining'inie sentimita 25 au 30 tu. Chako kinalalia viti, na mtu akiinuka ghafla atavuta mchuzi wote.

Pale juu kushoto, mahali ambapo hotelini tuliweka kisahani cha mkate, wewe weka kisahani cha miiba. Umesema mtapika samaki aina ya ngege na kuku wa kienyeji, na hakuna jambo linalomtesa mgeni kama kukaa na mwiba mkononi asijue pa kuuweka. Firigisi ni ya baba mkubwa wako, mpelekee nzima.

Sasa nisikilize vizuri. Usije ukamwekea nyanya yako kijiko peke yake huku wengine wakiwa na vyombo kamili, ukidhani kwamba umemsaidia, kwa sababu atakiona kijiko hicho na kuelewa mara moja. Kila mtu apangiwe sawa na mwenzake. Birika la maji ya vuguvugu, beseni, sabuni na taulo safi vimfikie kila mgeni, akiwemo mkuu wako, na wewe mwenyewe ndiwe ummiminie nyanya yako kwanza. Kazi hiyo usimwachie mkeo. Ugali ukishawekwa katikati, utangulie kumega tonge kwa mkono, mbele ya watu wote. Mezani wageni humfuata mwenyeji, na kanuni hiyo inafanya kazi kwenye karamu za wakubwa kama inavyofanya kazi kwetu. Mkuu wako hatadhurika. Isitoshe, mama yako anatuma mrenda, ile mboga ya kuteleza, nami sijaona bado uma unaouweza mrenda.

Kuna la kiti pia. Mgeni wa heshima hukaa kuume kwa mwenyeji, na najua umeshamtengea mkuu wako kiti hicho. Mpe nyanya yako. Ukiogopa kwamba mkuu atakuwekea kinyongo kwa sababu hiyo, basi afadhali ungemwalika siku nyingine.

Nimewahi kuondoa mezani samaki mzima ambaye hakuguswa, mbele ya mzee aliyeletwa hotelini na mwanawe na ambaye alikuwa ameniambia, bila kunitazama, kwamba ameshiba. Kazi yangu ilikuwa kuondoa sahani kwa upande wa kuume, nami niliiondoa kwa upande wa kuume. Wewe si mhudumu. Nyanya yako akisema ameshiba kabla ya wengine, usimwamini, mwongezee, na usiondoe sahani hata moja mpaka wote wamalize.

Siku za kawaida usijitese. Sahani, kijiko na glasi vinatosha kwa wali. Penye chapati na mchuzi mzito ongeza uma. Usiku wa ugali na omena ondoa vyote, weka maji ya kunawa. Hotpoti iwekewe kibao chini yake, la sivyo rangi ya meza itababuka kabla hujamaliza kuilipia. Kwetu hapa tulikula kwa mkono kila siku, kwa kuwa nikitoka kazini sikutaka kuona uma tena, na labda ndiyo maana umelazimika kujifunzia haya kwenye simu.

Mama yako anauliza kama mkeo ana vitambaa vya kutosha. Anashona vingine vya rangi ya maziwa, navyo vitaletwa na baba mkubwa wako pamoja na mrenda. Wakati wa kurudi mpe sufuria yetu kubwa uliyoichukua Desemba, maana wiki ijayo kuna kikao cha chama hapa nyumbani na hatuna cha kupikia. Bati la jikoni bado linavuja. Fundi ametaja bei ambayo sitaiandika hapa, nitakupigia simu.

Ni mimi,
Baba yako