Mvua "kubwa" ni milimita ngapi?

Ndugu Mhariri,

Miaka mingi nimesoma kona yenu ya hali ya hewa bila kusema neno. Ile taarifa ya juma lililopita, ya "mvua kubwa, theluji milimani na ngurumo za radi kwa siku tatu", imenishinda. Jirani alinijia nayo mkononi akiuliza kama lori lake livuke mlima Ijumaa au lisubiri. Hakuna jibu humo.

Mvua kubwa ni milimita ngapi, na ndani ya muda gani? Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Zikinyesha kwa saa 24, ardhi hupata nafasi ya kunywa. Zikishuka kwa saa moja, makalvati yanazibwa na takataka na barabara inakatika.

Theluji ndiyo mmeivuruga kabisa. "Milimani" wapi? Tunachohitaji ni kimo cha nyuzi sifuri: ni mita ngapi juu ya usawa wa bahari ambako joto la hewa linafikia sentigredi 0. Kwa kawaida theluji hushuka kama mita 200 hadi 300 chini ya hapo kabla haijayeyuka yote. Mvua ikiwa nzito na upepo umetulia, kule kuyeyuka kunapoza hewa, na mpaka wa theluji unazidi kuteremka hadi kwenye barabara iliyokuwa na maji matupu asubuhi. Kimo hicho kikipanda mchana, mvua inanyesha juu ya theluji ya jana na vyote viwili vinaingia mtoni pamoja. Kisha mnatutupia "sentimita 30" bila kusema ni theluji gani! Iliyo kavu, kwa uwiano wa theluji 15 kwa maji 1, ni milimita 20 za maji, yaani kilo 20 kwa mita ya mraba. Iliyolowa, 5 kwa 1, ni kilo 60. Paa linaloibeba ya kwanza laweza kuporomoka kwa ya pili, na matawi yakaangukia nyaya za umeme.

Kwenye radi "hapa na pale" nawaunga mkono, maana wingu moja humwaga bonde hili na la pili likabaki vumbi, na siku mbili kabla hakuna awezaye kulitaja. Lakini ile picha ya radi, ile ile kila msimu, nusu ukurasa! Chini yake: "wananchi wachukue tahadhari". Ipi? Kati ya mwanga na ngurumo zikipita chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Ingia kwenye jengo au gari lenye bodi ya chuma, ubaki humo hadi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mti si kimbilio.

Halafu utabiri ulioandaliwa jana mchana ukasomwa leo jioni umeshapoteza zaidi ya saa 24, na hizo ndizo zilikuwa za kuaminika zaidi.

Punguzeni picha hiyo ya radi kwa sentimita 4. Hapo wekeni saa ya kutolewa, milimita na muda wake, kimo cha nyuzi sifuri asubuhi na mchana, na kasi ya dharuba. Nafasi isipotosha, safu ya nyota inaweza kupumzika. Nayo haitaji milimita.

Msomaji wenu wa siku nyingi