Umeme unaoteketea kwenye korido

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya majengo yanayochipuka hapa Dodoma tangu Serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016. Mengi yamevishwa vioo hadi upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga bila huruma. Kisha vinafungwa viyoyozi, rimoti inawekwa nyuzi 16, na watumishi wanakaa na masweta! Nyuzi 24 zingetosha kabisa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo haukosekani. Wagogo wa zamani walijenga tembe zenye kuta nene na paa bapa la udongo, ndani kukawa na ubaridi hata jua la utosi. Sisemi turudi kwenye tembe, ila madirisha yanayotazamana na kibaraza chenye kivuli si gharama ya kutisha.

Kwenye nyumba za kupanga za umma kisa ni kingine. Ndani kwake kila mpangaji anabana matumizi, maana LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inamsuta. Taa za ngazi na za nje, ambazo gharama yake ni ya pamoja, zinawaka hadi saa nne asubuhi. Zifungwe swichi zinazojizima kukipambazuka. Na maeneo ya pamoja yawe na LUKU yake, matumizi yabandikwe getini kila mwezi, wapangaji waone wanacholipia.

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma