Malaria inayorudi haiishi kwa dawa mseto peke yake

Mhariri,

Mgonjwa akimaliza dawa mseto akapona, kisha homa ikamrudia baada ya miezi miwili, huambiwa ana "malaria sugu" na kupewa pakiti nyingine ya dawa ileile. Swali linalorukwa ni hili: ni kimelea gani?

Falciparum, kinacholeta malaria nyingi hapa kwetu, hakilali kwenye ini. Kikirudi ndani ya wiki chache, kwanza iulizwe dozi ilimezwaje. ALu, dawa mseto ya artemether na lumefantrine, ni dozi sita kwa siku tatu, ya pili baada ya saa 8 tangu ya kwanza, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Ukitapika ndani ya saa moja, rudia dozi. Tena, kipimo cha haraka kinachosaka HRP2, protini ya falciparum, huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Wengi hurundikiwa dawa kwa sababu hiyo tu.

Ovale, ambacho kipo Afrika Mashariki, na vivax, kilichoenea Ethiopia, India na Pakistan, ni habari nyingine. Huacha vimelea vilivyolala kwenye ini. Dawa mseto huua vya kwenye damu. Vya ini huamka baada ya wiki au miezi, hata kama mgonjwa hajaumwa tena na mbu. Chandarua huzuia maambukizi mapya, hakizuii hili. Na kipimo cha HRP2 hakivioni vimelea hivi, kwa hiyo damu isomwe kwa darubini na cheti kiandike aina ya kimelea. "Malaria 2+", inayotaja wingi wa vimelea tu, haitoshi.

Dawa ya ini ni primakwini, ambayo hutolewa pamoja na dawa ya damu: miligramu 0.25 hadi 0.5 kwa kilo kila siku, kwa siku 14, au 0.5 kwa kilo kila siku, kwa siku 7. Mtu wa kilo 60 kwa kiwango cha 0.25 humeza kidonge kimoja cha miligramu 15 kila siku, akiwa ameshakula. Wafamasia waangalie: baadhi ya pakiti huandika miligramu 26.3 za chumvi ya fosfeti, ambazo ni sawa na hizo 15. Wagonjwa wengi huacha siku ya nne kwa kuwa homa imeisha, na ini linabaki na vimelea.

Kabla ya kidonge cha kwanza, apimwe kimeng'enya cha G6PD. Asiyekuwa nacho cha kutosha akimeza primakwini, chembe zake nyekundu za damu hupasuka. Huyo hupewa miligramu 0.75 kwa kilo mara moja kwa wiki, wiki 8, chini ya uangalizi wa daktari. Mjamzito na mtoto wa chini ya miezi 6 hawapewi kabisa. Mkojo ukigeuka rangi ya kola, macho yakiwa ya manjano au viganja vikipauka, acha dawa na uwahi hospitali siku hiyohiyo.

Kuna pia dozi moja ndogo ya primakwini, 0.25 kwa kilo, anayopewa mgonjwa wa falciparum. Hiyo ni ya kuzuia asiwaambukize mbu, na haihitaji kipimo cha G6PD. Aliyepewa hiyo asihesabiwe kuwa ametibiwa ini.

Mtaalamu wa maabara,
Tanga