Shemeji, turudi kwenye lile swali la chuchu zako

Shemeji,

Uliuliza mbele za watu, nami nakujibu mbele za watu. Ulitaka kujua chuchu za mwanamume zina kazi gani, kisha ukajijibu mwenyewe kuwa ni pambo tu. Watu wakacheka, yakaisha. Mimi yamenikaa kichwani.

Kabla ya kuuliza kazi yake, uliza zilitokea lini. Mimba yako ilipokuwa na wiki tano, sita hivi, ulikuwa kiinitete kisichofika hata sentimita mbili, na ngozi yako ilikuwa tayari imetunisha mistari miwili kutoka kwapani hadi kwenye kinena. Ndiyo mistari ya maziwa, na kila kiinitete huwa nayo, awe wa kike au wa kiume. Kwa mbwa na nguruwe huacha chuchu safu nzima. Kwetu sisi hufifia, ikabaki sehemu ya kifuani tu, ingawa wapo watu wenye chuchu ya tatu chini ya ziwa na maisha yao yote hudhani ni baka.

Sasa uanaume wako uko wapi muda huo? Ndio kwanza unaamka. Jeni iitwayo SRY, iliyo kwenye kromosomu Y ambayo kwa kawaida wanaume ndio huwa nayo, huanza kutengeneza korodani karibu wiki ya sita au ya saba, na testosteroni, homoni ya kiume, hufuata baadaye, kama wiki ya nane. Inafika, inakuta chuchu zimeshawekewa msingi.

Utasema: basi si ingezifuta? Inawezekana kabisa. Panya dume hana chuchu hata moja, kwa sababu akiwa bado tumboni testosteroni yake huua vichipukizi vya matiti. Farasi dume naye kwa kawaida hana. Kwa binadamu ufutaji huo haukutokea, na sioni ajabu: chuchu isiyonyonyesha haimgharimu mwanamume kitu cha maana, kwa hiyo hapakuwa na msukumo wa kuiondoa.

Charles Darwin, katika kitabu alichotoa mwaka 1871, aliwaza kwamba huenda zamani sana madume ya mamalia nayo yalisaidia kunyonyesha. Wazo hilo halikushika. Hata hivyo mwaka 1992, huko Malaysia, watafiti walinasa popo dume wala matunda wenye maziwa kwenye matiti, ingawa hawakuwaona wakinyonyesha. Na vichanga, wakiwemo wa kiume, wakati mwingine hutoa matone ya maziwa siku za mwanzo kwa sababu ya homoni za mama. Mitambo ipo, shemeji. Imezimwa tu.

Hapo ndipo hilo "pambo" lako linaponiudhi. Palipo na tishu ya titi, saratani ya titi inaweza kuingia. Katika kila wagonjwa 100, mmoja hivi ni mwanamume, na wengi wao huchelewa kufika hospitali kwa kuwa hawakujua kama ugonjwa huo unawahusu. Mara nyingi huanza na kivimbe kigumu kisichouma, karibu kabisa na chuchu. Chuchu ikizama ndani au ikitoa damu, usingoje dada yangu akuburute kwa daktari.

Wako,
Shemeji yako