Mgonjwa wa kiharusi 'ametulia' kwa kipimo gani?

Mhariri,

Neno "ametulia" linawaponza wagonjwa wa kiharusi katika wodi za hapa Nairobi. Jamaa hufika saa ya kuona wagonjwa, wakamkuta mzee amelala fofofo, wakamshukuru Mungu kwamba leo amepumzika. Kumbe huenda ubongo unavimba. Mshipa mkubwa ukiziba, uvimbe hukolea kati ya siku ya pili na ya tano, na mara nyingi hujitangaza kwa usingizi huo huo kabla mboni ya jicho haijapanuka.

Nani atazidiwa? Hakuna kipimo kimoja kinachotosha kubashiri. Wa kuangaliwa kwa makini ni aliyeingia na alama nyingi kwenye mizani ya NIHSS, ya kupima ukali wa kiharusi, inayoanzia 0 hadi 42 (zikiwa nyingi hali ni mbaya zaidi), sukari ikiwa juu, na skani ikionyesha mshipa mkubwa umeziba au eneo pana limeathirika. Kiharusi cha kisogoni kisidharauliwe hata alama zikiwa chache, kwani mizani hiyo haishiki vizuri kizunguzungu na kuyumba.

Ila alama za siku ya kwanza pekee hazitoshi; kinachosema ni mabadiliko yake. Nayo hupotea kwenye zamu ya usiku: faili inaandikwa "hali ile ile", asubuhi hakuna cha kulinganisha. Katika saa 72 za mwanzo, alama zikipanda kwa 4, tuseme kutoka 6 hadi 10, daktari aitwe hapo hapo. Wengine hushtuka zikipanda 2, na tunawaunga mkono.

Mgonjwa akibadilika, sukari, oksijeni, joto na presha vipimwe kwanza, maana sukari iliyoshuka huigiza kiharusi kipya. Kisha skani irudiwe kuona kama damu imevuja. Aliyepewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hupimwa presha kila dakika 15 kwa saa mbili, kila dakika 30 kwa saa sita, halafu kila saa hadi zitimie 24, isivuke 180/105. Akiumwa kichwa ghafla au kutapika dawa ikiendelea kuingia, isimamishwe.

Aliyezibwa mshipa lakini hakupewa dawa hiyo, kwa kawaida presha yake haiteremshwi kwa nguvu hadi ipite 220/120, labda awe na tatizo jingine linalodai hivyo, kama la moyo. Ikiporomoka, sehemu ya ubongo inayopigania uhai hukosa damu. Kwa hiyo vidonge vya presha vinavyoingizwa wodini kwenye mkoba, kwa nia njema kabisa, vinaweza kumzidishia. Na uji pia usubiri hadi apimwe kumeza. Ukipenya mapafuni huleta nimonia, na joto likifika 37.5 linahitaji kushughulikiwa.

Karatasi ya alama itundikwe kitandani. Nanyi jamaa, mkifika msiulize kama amelala vizuri. Ulizeni jana usiku alama zilikuwa ngapi, na sasa ni ngapi.

Wahudumu wa wodi ya kiharusi,
Nairobi